Fundi wa Dakika Moja

Sherehe nyingi za watoto wetu huuawa na kipaza sauti. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, meza kuu imetandikwa kitambaa na kupangwa maji ya chupa, MC anajaribu mitambo, na watoto wenyewe wamesimama juani tangu saa mbili wakimngoja mgeni rasmi atakayeingia saa tano na nusu. Akifika, anavishwa skafu. Hapo ndipo mimi huchoka kabisa. Skafu ambayo msichana wa Girl Guides huihangaikia miezi, ajifunze kanuni, ajifunze mafundo, ajifunze kufanya kazi bila kusimamiwa, mheshimiwa anaipata getini kwa kushuka tu kwenye gari.

Ndiyo maana nilivutwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Tanga. Ni kiongozi wa kikosi cha Girl Guides, kazi anayoifanya kwa kujitolea vipindi vikishaisha, na sherehe zake za ahadi hazina turubai, hazina MC, hazina risala. Wazazi hukaa kwenye mikeka. Shughuli nzima haizidi nusu saa. Ukimuuliza siri yake atacheka, aseme hana siri. Kisha, huku anachonga ufito, atakuambia kwamba sherehe yoyote ina dakika moja tu, na zilizobaki zote ni walinzi wa hiyo moja.

Katika sherehe ya ahadi, dakika yenyewe ni pale msichana anaponyanyua mkono wa kulia, vidole vitatu vya katikati vimesimama, gumba limekilalia kidole cha mwisho, akatamka ahadi kwa kinywa chake. Vidole vitatu ni sehemu tatu za ahadi kama ilivyotungwa tangu mwanzo: wajibu kwa Mungu na kwa nchi, kuwasaidia watu wengine, na kuifuata sheria ya chama. Hakuna anayeweza kumsemea. Baba yake hawezi, mwalimu hawezi, mkuu wa wilaya hawezi. Kwa wasichana wengi wa umri ule, huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza watu wazima wamenyamaza wote kwa pamoja ili wamsikie yeye.

Sasa tazama dakika hiyo inavyolindwa.

Jioni ya kuamkia sherehe utamkuta uwanjani na ufito wake, anachora chini umbo la U. Umbo hili ni la zamani katika chama, limekuja na mengine yote kutoka Uingereza, ambako mwaka 1909 wasichana walijitokeza bila kualikwa kwenye mkutano wa maskauti pale Crystal Palace, London, wakataka nao wahesabiwe. Mwaka uliofuata Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, akaanzisha chama chao na kumkabidhi dada yake, Agnes. Kenya kilifika 1920, Tanganyika 1928. Mengi yaliyoletwa na meli za Waingereza yameshasahaulika, na mengine yalistahili kusahaulika. Umbo la U limebaki kwa sababu linafanya kazi. Ukiwapanga watoto mstari mmoja, wa pembeni haoni kitu ila sikio la mwenzake. Ukiwapanga duara kamili, mgeni hana mlango wa kuingilia. U ina mlango. Msichana mpya husimama nje yake, kiongozi wa doria, yaani wa kikundi kidogo cha wasichana, humfuata, humshika mkono na kumwingiza, na kila aliye ndani humwona usoni anavyokuja.

Upana wa U ndio ulionifanya nimvulie kofia. Hapimi kwa hatua. Humwita mtoto mwenye sauti ndogo kuliko wote, humsimamisha karibu na mlingoti, na kumwambia, "Sema kama unavyosema ukiulizwa nani kavunja sahani." Mtoto hunong'ona. Mwalimu yuko kule itakapokuwa mikeka, ametega sikio. Kama hajasikia, anafuta mstari kwa kandambili, anachora U ndogo zaidi, wanarudia. Kwa hiyo ukubwa wa sherehe nzima, na hata idadi ya wazazi wanaoweza kukaa, hupimwa kwa sauti ya mtoto mwenye hofu. Nimehudhuria harusi zilizogharimu mamilioni ambazo hakuna aliyefikiria kupima hivyo, na kiapo cha ndoa kikamezwa na jenereta.

Saa ya sherehe nayo ina sababu. Ni baada ya swala ya alasiri, kwa kuwa nusu ya wazazi wanatoka msikitini na nusu nyingine ndiyo kwanza wanafunga vibanda. Haivutwi hadi magharibi, kwa kuwa magharibi ni ya kunguru. Yeyote anayeijua miji yetu ya pwani anawajua kunguru wanaorudi mtini kulala: hakuna ahadi itakayosikika.

Kwa saa hizo kuna upepo wa baharini, na upepo huo ndio ulioondoa mishumaa. Vitabu vya viongozi wa chama hiki vimejaa mishumaa. Kila kanuni ina mshumaa wake, na katika ukumbi wenye madirisha yaliyofungwa lazima inapendeza sana. Tanga mishumaa huzimika kabla kanuni ya pili haijasomwa, na mtoto anayepaswa kuwaza maneno anawaza kiberiti. Tena wasichana wake wengi huvaa ushungi, na ushungi wa kitambaa cha nailoni na moto ni vitu visivyopaswa kukaribiana. Badala yake kila msomaji wa kanuni huweka chini jiwe jeupe la ufukweni, wakitengeneza njia. Msichana mpya atapita kando ya mawe hayo kwenda mbele. Mshumaa ungekuwa mzuri zaidi kwenye picha, mwenyewe anakubali. Ila jiwe halizimiki, na mtoto akitetemeka halimuunguzi.

Ushungi una shida nyingine ambayo kitabu hakiisemi. Beji hubandikwa kifuani upande wa kushoto, na kifua kimefunikwa. Nimeona viongozi wakipapasa, wakinyanyua kitambaa mbele za watu, mtoto anainama kwa aibu. Mwalimu huyu huwafundisha wasichana, siku kadhaa kabla, kurusha ncha ya ushungi begani wao wenyewe, kwa madaha, kama mama anavyotupia kanga. Hilo likishafanyika, yeye hutanguliza vidole vyake viwili nyuma ya kitambaa cha sare, pini ikipenya imguse yeye kwanza. Skafu huwa ameshaiviringisha usiku, ikakaa chini ya godoro, ili isimchukue muda wa kunyoosha mikunjo. Huivisha juu ya ushungi, fundo chini kidogo, shingo iweze kugeuka. Yote hayo huchukua muda mfupi sana, na mtoto hahisi kwamba amevalishwa na mtu mwenye haraka.

Halafu kuna mkono wa kushoto. Wanachama wa Girl Guides, kama maskauti, husalimiana kwa kushoto, na maelezo yanayotolewa siku hizi ni kwamba ndio mkono ulio upande wa moyo. Pwani mkono huo una kazi zake, na si za kusalimia. Kumpa mtu kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu, mtoto wa miaka mitatu anajua. Hebu fikiria bibi aliyetoka Pangani kwa basi kuja kumwona mjukuu, halafu cha kwanza anachoona ni mwalimu akimpa mtoto mkono wa kushoto. Kiongozi mwingine angeuondoa mkono huo kabisa, mwingine angeung'ang'ania kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Huyu ameubakiza, lakini hutanguliza neno. Kabla U haijapangwa, msichana mmoja huja mbele ya mikeka, anapiga goti, anasema: "Shikamooni wazee wetu. Leo mtatuona tukipeana mkono wa kushoto. Ni alama yetu sisi kwa sisi, tunaomba msitufikirie vibaya. Nyinyi tutawaamkia kwa wa kulia." Na mwisho wa shughuli kila aliyetoa ahadi hupita kwenye mikeka akimpa kila mtu mzima mkono wa kulia, mmoja mmoja. Ninaona sehemu hiyo ndiyo wazazi wanayoipenda kupita zote, wala haimo katika kitabu chochote.

Kuhusu mazoezi ana msimamo ambao viongozi wenzake hubishana naye. Wakubwa huwazoeza mpaka wachoke: nani anashika kamba, nani anasoma, bendera inafungwaje ili ikivutwa juu ifunguke yenyewe, na kwamba kijani ndiyo inakaa juu upande wa mlingoti, buluu chini. Bendera iliyopandishwa kichwa chini haina msamaha. Lakini wasichana wapya hawaonyeshwi kitu zaidi ya mahali pa kusimama. Maneno ya ahadi wanayajua, wameshayajadili naye kila mtu kwa wakati wake, chini ya mwembe, akiwauliza maswali magumu: ukiona rafiki yako kaiba, kumsaidia ni kufanya nini? Ila kuyatamka mbele ya U hawajawahi. "Ahadi ya majaribio ni ahadi gani hiyo?" aliniuliza. Wanaompinga wanasema mtoto anaweza kukwama. Ni kweli, hukwama. Niliyemwona akikwama alikaa kimya muda mrefu kiasi cha kumfanya mama mmoja aanze kusimama. Mwalimu hakumtilia neno mdomoni. Kiongozi wa doria, msichana wa darasa la sita, alisogea hatua moja akasimama bega kwa bega na mwenzake, basi. Ahadi ikatoka.

Kwa wadogo, wale wanaoitwa Brownies, dakika ni nyingine na ustadi wake ni mwingine. Kundi hili lilianza mwaka 1914 kwa jina la Rosebuds, watoto wakalichukia, likabadilishwa. Jina jipya lilitoka katika hadithi ya Juliana Horatia Ewing ya mwaka 1865. Ndani yake mtoto mvivu anasikia kwamba zamani nyumba yao ilikuwa na kiumbe kidogo kilichofanya kazi zote alfajiri na kutoweka kabla watu hawajaamka. Anakwenda kwa bundi kuuliza atampata wapi. Bundi anamtuma bwawani usiku wa mbalamwezi: azunguke mara tatu, aseme maneno fulani, atazame majini, atamwona. Anatazama, anaona uso wake mwenyewe. Tangu hapo sherehe ya kumpokea mtoto katika kundi hilo imekuwa na bwawa la kuigiza, mara nyingi kioo kilicholazwa chini na kuzungushiwa majani.

Hadithi hii imesanifiwa vizuri sana, na mwalimu ameiacha ilivyo mifupa yake. Amebadili nyama. Badala ya maneno ya bundi, ambayo ujanja wake wote uko katika vina vya Kiingereza, anatega kitendawili: nani huamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja bila kutumwa, akaondoka bila kudai shukrani? Mtoto haruhusiwi kujibu. Anaambiwa jibu liko majini, akalichungulie. Anainama, ananyamaza, halafu anatazama juu huku anacheka, na kikundi kizima kinauliza, "Nani?" Anasema, "Mimi!"

Maji yenyewe alianza kuyaweka kwenye beseni jeupe. Watoto waliinama wakaona maua yaliyochorwa chini ya beseni. Mmoja alijibu "ua". Kwa sasa anatumia chungu cheusi kipana, kwa kuwa maji juu ya kitu cheusi hurudisha sura, na hukiweka pale kivuli cha mwembe kinapoishia: uso wa mtoto uwe kwenye mwanga, chungu kiwe kivulini. Kikiwa juani, anaona mng'ao tu. Hajaenda chuo kusomea hilo. Amehamisha chungu, akainama mwenyewe, akakihamisha tena.

Nikimtazama huwa nawakumbuka makungwi. Pwani hii haikungoja Waingereza ije kujua namna ya kumvusha msichana kutoka hali moja hadi nyingine. Unyago ulikuwa na kila kitu ambacho mwalimu huyu anakitafuta: mwali alifichwa kwanza ili kutolewa kwake kuwe na maana, alifundishwa kwa nyimbo na mafumbo, mambo yakaingia kupitia mwili na si masikio peke yake, na palikuwa na somo mmoja wa kumwangalia yeye, si kundi. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwa wanawake wengi wa Zanzibar alikuwa kwanza fundi wa unyago na ngoma zake. Si yote yaliyofundishwa mle ningependa mjukuu wangu ayasikie. Lakini katika ufundi wa kuandaa tukio, hakuna semina inayoweza kumfundisha kungwi mzuri kitu.

Na ufundi huo umeshawahi kupewa mtihani mgumu kuliko wa mishumaa. Mwaka 1996, huko Tharaka nchini Kenya, familia zilizoungwa mkono na shirika la Maendeleo ya Wanawake ziliamua mabinti zao wasikeketwe, lakini hazikutaka wavuke utoto kimyakimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakaunda sherehe waliyoiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana waliwekwa ndani kwa muda, wakafundishwa na wanawake wakubwa, kisha wakatolewa hadharani kwa nyimbo, ngoma na zawadi. Wembe peke yake ndio ulioondolewa. Fikiria usahihi unaotakiwa hapo: kujua kiungo kipi ukikikata sherehe inakufa, na kipi ukikikata inaishi. Waliokuja kuifuatilia baadaye walibaini jambo ambalo mwalimu wa Tanga angewaambia bure: sherehe hizo zilishika pale jamii ilipokuwa imezungumzishwa vya kutosha kabla, na zilipopelekwa mahali kama onyesho tu, hazikubadili mengi. Kazi inaisha siku ya sherehe, haianzi hapo.

Kuvuka kutoka Brownies kwenda kundi la wakubwa sitakueleza kwa urefu. San Francisco, Marekani, maelfu ya wasichana huvuka daraja la Golden Gate kwa miguu kuadhimisha hatua kama hiyo. Hapa kuna mtaro wa maji ya mvua nyuma ya jiko la shule na ubao uliotolewa kwenye kitanda kibovu. Upande wa pili anasimama mkubwa amenyoosha mkono. Ubao unayumba kidogo, na mwalimu amekataa kuukaza.

Lakini kuna sherehe moja kwa mwaka ambayo haigusi. Ni ya tarehe 22 Februari, siku waliyozaliwa Baden-Powell na mkewe Olave, yeye 1857 na mkewe 1889. Tangu 1926 wanachama wa chama hiki kote duniani huitumia kukumbukana, na miaka michache baadaye likaongezwa wazo la kila msichana kutoa sarafu moja kwa ajili ya wenzake wa mbali. Kwetu Afrika Mashariki siku hiyo haiko mbali hata kidogo: wawili hao wamezikwa Nyeri, chini ya Mlima Kenya, na juu ya jiwe la kaburi kumechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti inayosema nimekwenda nyumbani. Kila mwaka vijana hukusanyika pale.

Tanga, siku hiyo ni ya wasichana wenyewe kupanga. Mwalimu hukaa mkekani na wazazi, na ninakuhakikishia ni mateso kwake. Mara niliyokuwapo walianza kwa kutaka spika na muziki wa Bongo Fleva. Wakajadiliana, wakauweka baada ya chakula. Kisha wakaamua kila mmoja alete sarafu, aiweke kwenye chungu kilekile cheusi, na kabla ya kuiachia ataje mwanamke aliyemsaidia na alimsaidia nini. Mpango ulikuwa sentensi moja kwa kila mtu. Wa kwanza alimtaja mama yake, kwa sentensi moja. Wa tatu alimtaja muuza vitumbua wa stendi aliyemlipia nauli siku alipopoteza pesa, na ilibidi aeleze habari ya pesa ilivyopotea. Baada ya hapo hapakuwa na sentensi moja tena. Kunguru walirudi mtini, giza likaingia, mtoto wa mtu alilala, na sherehe ikavuka nusu saa mara nyingi. Mwalimu alikuwa akitazama saa, akifunika saa kwa mkono, akiitazama tena.

Nilimuuliza baadaye angekata wapi. Alifikiri kweli, maana swali kama hilo halichukulii mzaha. Akasema wa saba na wa kumi na mbili walirudia mambo, ila wa kumi na mbili alikuwa hajawahi kuongea mbele ya watu, kwa hiyo angekata wa saba. Akanyamaza kidogo. Akasema hapana, wa saba naye mama yake alikuwa amekaa pale.

Muhula huu ana wasichana wapya wengi kuliko kawaida, na hesabu yake haikubali. Dakika moja kwa kila mtoto, kuingia, kuvishwa, kutoka: nusu saa haitoshi, na akizidisha, wadogo watachoka wasimame kwa mguu mmoja. Anafikiria kuigawa iwe alasiri mbili, lakini nani awe wa siku ya pili bila kujiona wa daraja la pili? Mwalimu mkuu amempa wazo lake: aiunganishe na mahafali ya darasa la saba, wote waape kwa pamoja kwa sauti moja, maana turubai litakuwa limeshakodiwa na mgeni rasmi ameshapatikana. Alipoonana nami alikuwa hajamjibu. Alikuwa ameanza kuuliza kwa majirani nani mwingine ana chungu.